Mke wa Liyongo

Sisi walimu wa hapa Babati twapenda leo kuzungumza nanyi juu ya hadithi za mapenzi ya kale, na juu ya waandishi wazichukuao na kuzifanya riwaya mpya.

Huko Ulaya iko hadithi ya Tristan na Isolde, iliyoandikwa tangu karne ya 12. Tristan alitumwa na mjomba wake, Mfalme Mark wa Cornwall, aende Ireland kumletea mchumba. Walipokuwa chomboni, yeye na binti yule walikunywa kwa makosa dawa ya mapenzi iliyowekwa kwa ajili ya mfalme na mkewe. Tangu hapo hawakuweza kuachana wala kuoana, na mwisho wao ukawa mauti. Mwaka 1971 mwandishi Mwingereza, Rosemary Sutcliff, aliisimulia upya akaiondoa ile dawa, ili mapenzi yatoke mioyoni mwao wenyewe. Dawa aliiondoa, bali huzuni aliiacha mahali pake. Hivyo ndivyo afanyavyo msimulizi hodari.

Tulipowasomea wanafunzi habari hii, mmoja alituuliza, "Mwalimu, sisi je, hatuna hadithi kama hiyo?" Tukamsimulia habari za Fumo Liyongo, shujaa wa Pwani ya kaskazini, ambaye habari zake zilipigwa chapa London mwaka 1870 katika kitabu cha Askofu Steere, na ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimwandikia utendi mwaka 1913.

Liyongo alikuwa mtu wa nguvu za ajabu, hata silaha hazikumdhuru. Waoromo, ambao watu wa kale wa Pwani waliwaita Wagala, walitamani uzao wake, wakamwoza binti yao, naye akamzalia mtoto wa kiume. Baadaye Sultani wa Pate aliuogopa ushujaa wa Liyongo, akamfunga. Mama yake akaoka mkate wa wishwa, akatia tupa ndani yake. Kijakazi Saada akaupeleka gerezani. Walinzi wakala vyakula vizuri wakamwachia mfungwa ule wa wishwa. Watu walipocheza gungu kwa kelele za ngoma, yeye akakata minyororo, akatoka.

Ndipo Sultani akamwahidi yule mwana cheo na binti yake wa kumwoa, iwapo atamwua baba yake. Kijana akamwuliza babaye siri, akaambiwa kwamba ni sindano ya shaba kitovuni. Akamchoma usingizini. Liyongo akaamka, akatwaa upinde, akapiga goti karibu na kisima, akafa vivyo hivyo. Watu wakaogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai. Na kijana yule hakuozwa.

Angalieni, wasikilizaji, hadithi hii ina ndoa mbili. Ya kwanza ilifanywa ili watu wapate mbegu ya shujaa, na ya pili iliahidiwa ili shujaa auawe. Tulipokwisha, mwanafunzi yule akauliza tena, "Na mama wa yule kijana alisema nini?" Tulinyamaza. Miaka mingi tumeisimulia hadithi hii, wala hatukupata kumfikiri mwanamke aliyepoteza mume kwa mkono wa mwanawe. Hadithi yamtaja kwa maneno machache tu.

Hapo ndipo mahali pa riwaya. Mwandishi aweza kutuonyesha kama mke yule, aliyeolewa kwa shauri la wengine, alimpenda Liyongo. Lakini na aseme wazi kwamba ni riwaya, asije akatudanganya kuwa ni historia. Tena asiondoe sindano wala kisima ili kutufurahisha. Hadithi ya mapenzi isiyo na gharama haikai moyoni.

Nanyi vijana mkaao kando ya Ziwa Babati na chini ya Mlima Kwaraha, msidhani kwamba mambo haya ni ya Pwani na Ulaya peke yake. Wagorowa, Wairaqw, Wabarbaig na Warangi wana masimulizi yao. Waulizeni babu zenu, kisha waulizeni na bibi zenu, maana huenda wao wakawaambia yale ambayo wanaume waliyapita upesi. Andikeni kwanza kama mlivyosikia. Kuongeza kutafuata baadaye. Mzee akifariki kabla hajaulizwa, hakuna riwaya itakayorudisha maneno yake.