MSINGI WA JIKO LA MATOFALI LA NJE
(Maneno ya hotuba kwa wazee na walimu)



Leo twapenda kusema nanyi juu ya kazi ambayo ikiisha kufanywa haionekani tena, yaani msingi. Hatusemi msingi wa nyumba, maana huo wajulikana na wengi. Twasema msingi wa jiko la matofali lijengwalo nje, lenye dohani ya kutolea moshi, kama yale ya kupikia uji wa watoto shuleni.

Watu wengi hudhani kwamba jiko ni kitu kidogo. Basi hukwangua majani, hupanga matofali juu ya ardhi, na baada ya siku chache huwasha moto. Mwaka wa kwanza jiko hupendeza. Masika ya pili huanza kuinama, na ufa huonekana chini ya dohani. Mpishi huuziba kwa udongo, lakini ufa ulioanzia chini hauponi kwa kupakwa juu. Mwisho wake ni sufuria ya uji wa moto kupinduka, au dohani kuanguka. Na walio karibu ni wapishi na watoto. Ndiyo sababu twalileta jambo hili mbele yenu.

Na tufanye hesabu. Ukuta wa matofali ya kuchoma, futi moja kwa kila upande, una uzito wa kilo 50 na zaidi. Jiko la upana wa futi 5 na kina cha futi 3, pamoja na dohani yake, laweza kuwa na futi 50 za namna hiyo. Hizo ni kilo 2,500, sawasawa na magunia 25 ya mahindi ya kilo 100, yamewekwa juu ya nafasi isiyozidi kitanda cha mtu mmoja. Tena jiko husimama peke yake; halina ukuta mwingine wa kulishika. Hata mnara wa Pisa, katika nchi ya Italia, ulioanzwa mwaka 1173, uliinama kwa sababu ya udongo laini chini yake, wala si kwa ubaya wa mawe yake.

Kwanza, chagueni mahali. Pasiwe juu ya kifusi wala shimo la taka la zamani, wala pale yanapoanguka maji ya paa. Udongo mweusi wa mbuga ni adui: wakati wa mvua huvimba, wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono huingia. Kama pana mwinuko wa udongo mwekundu au wa changarawe, lihamisheni jiko huko, hata kama ni mbali kidogo na kisima.

Pili, chimbeni. Shimo lizidi jiko kwa nusu futi kila upande. Ondoeni udongo wote wenye mizizi, kisha shukeni mpaka ardhi ngumu, ambayo mtaimbo ukipigwa hauzami kwa urahisi. Katika udongo mzuri, futi moja na nusu yatosha. Mwalimu akisoma kitabu cha nchi za baridi ataona vipimo vikubwa zaidi. Kule Chicago huchimba futi tatu na nusu, kwa kuwa maji ya ardhini huganda na kuinua msingi. Kwetu si barafu ituinuliayo majiko, ni mvua na ukame kupokezana.

Tatu, jazeni. Tandazeni mawe kimo cha nusu futi, myashindilie sana. Juu yake mwageni zege la inchi 8: ndoo moja ya saruji, tatu za mchanga safi, sita za kokoto. Maji yasizidi, maana zege la majimaji ni dhaifu. Usawa wake upimwe kwa pima maji. Kisha lifunikeni kwa magunia na kulimwagia maji siku saba, ndipo mwanze kujenga. Haraka ya siku hizi saba ndiyo iharibuyo kazi nyingi.

Nne, moto usiguse zege, kwa maana joto kali hulipasua. Wekeni mchanga juu yake, na juu ya mchanga matofali yaliyochomwa vema. Mawe ya mtoni msiyaweke penye moto. Maji yaliyo ndani yake hugeuka mvuke, na jiwe huweza kupasuka kwa kishindo. Wala msiuunge msingi huu na ule wa nyumba, kwa sababu kila kimoja hushuka kwa kadiri ya uzito wake, na kiungo ndicho kitakachopasuka.

Sasa twawaomba jambo moja, Wazee na Walimu. Fundi asimwage zege kabla ninyi hamjaliona shimo. Shukeni ndani yake na mtaimbo, mpime kina, mtazame udongo. Ujira wa kwanza na ulipwe baada ya hapo, si kabla. Dohani iliyopinda kila mtu ataiona na kuisema. Bali msingi mbaya waweza kuonekana siku moja tu, nayo ni siku ile shimo li wazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza: achimbaye vema hatakuwa na ufa wa kuziba.