Mwanga Unaoficha Watu: Matumizi ya Taa za Magari Nyakati za Usiku

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri na wakazi wa kata zilizo kandokando ya barabara kuu



Mji wetu wa Tunduma umekua kwa sababu ya barabara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Mlowo, Vwawa na Mpemba, huingia mjini kwetu, kisha huvuka mpaka kwenda Nakonde nchini Zambia, na wengi waipitao huendelea hadi Kongo. Malori hayo ni sehemu ya riziki yetu: mama lishe, wenye nyumba za wageni, mawakala wa forodha na vijana wa bodaboda wote huyategemea. Kwa hiyo sikuja kuyalaumu. Nimekuja kuzungumzia taa zake, pamoja na taa za magari na pikipiki zetu wenyewe.

Wengi hudhani kwamba mwanga ukizidi, kila mtu huona vizuri zaidi. Jicho halifanyi kazi hivyo. Gizani mboni hupanuka. Mwanga mkali ukiipiga ghafla husinyaa, na gari likishapita, jicho huhitaji sekunde kadhaa kulizoea giza upya. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, muda huo huwa mrefu zaidi. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva asiyeona kwa sekunde 3 amekwenda mita 66, yaani zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira.

Anayeumia zaidi mara nyingi ni yule aliye nje ya gari. Magari mawili yakikutana huku yote yamewasha mwanga wa juu, ule madereva wauitao fulu, mtu aliye pembeni hutoweka. Mama anayerudi kutoka sokoni na ndoo kichwani, mwendesha baiskeli asiye na kiakisi mwanga, lori lililoharibika na kuwekewa matawi ya miti tu: wote wapo, lakini hawaonekani. Taa iliyowashwa ili dereva aone imemficha aliyepaswa kuonekana.

Ndugu wananchi, chanzo cha kero hii si kimoja.

Kwanza ni mazoea. Dereva humulikwa, naye hujibu kwa kumulika. Matokeo yake ni vipofu wawili barabarani badala ya mmoja.

Pili ni globu zisizolingana na taa. Kikombe cha taa hutengenezwa kwa ajili ya aina fulani ya globu. Ukiweka globu ya LED katika kikombe kilichotengenezwa kwa globu ya kawaida, mwanga hutawanyika na kupanda machoni mwa wengine, hata kama umewasha mwanga wa chini. Taa za ziada zinazofungwa juu ya bampa au kwenye usukani wa pikipiki huongeza madhara hayo.

Tatu ni shehena. Gari likilemewa nyuma, pua yake huinuka, na taa huinuka pamoja nayo.

Nne ni jambo linalotugusa sisi wa mpakani. Tanzania na Zambia huendesha kushoto, lakini Kongo huendesha kulia. Taa za gari lililoundwa kwa ajili ya nchi za kulia huelekeza mwanga wake wa chini zaidi upande wa kulia. Kwetu, huko ndiko anakotokea dereva wa upande wa pili.

Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Hii inayo, tena nyingine haina gharama. Dereva, punguza taa mapema uonapo gari linakuja, na pia unapomfuata mwenzako kwa karibu. Ukimulikwa, punguza mwendo na uelekeze macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, usilipize. Kukiwa na ukungu, kama ule wa Mbozi wakati wa mvua, tumia mwanga wa chini, kwa kuwa fulu humrudia mwenyewe. Lori lililosimama kwenye foleni linatosheka na taa ndogo. Safisha kioo cha mbele ndani na nje.

Unaweza pia kukagua taa zako. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, kisha washa mwanga wa chini. Ukingo wa juu wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa kwa takriban sentimita 10. Ukiwa juu ya hapo, mwone fundi.

Waenda kwa miguu, pasipo na njia yenu, tembeeni upande wa kulia ili muyaone magari yanayowajia. Vaeni nguo nyeupe au zenye viakisi mwanga, na watoto watembee upande ulio mbali na magari.

Kuhusu wajibu, barabara kuu iko chini ya TANROADS, barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, na makosa ya madereva hushughulikiwa na Polisi wa Usalama Barabarani. Mkiona sehemu yenye giza la hatari au lori lililoachwa bila alama, mjulisheni Mwenyekiti wa Mtaa au Mtendaji wa Kata, ili taarifa ifike panapohusika. Pakiwa na dharura, pigeni 112.

Usiku wa leo malori yatapita, na watu wetu watakuwa wakirudi nyumbani kandokando yake. Kila dereva atakayepunguza taa atakuwa amempa mmoja wao nafasi ya kufika.