KARATASI ZILIZOOKOTWA SAKAFUNI



Tumepewa nafasi tuseme juu ya kutunza karatasi na picha za mtu aliyeponea Maangamizi ya Wayahudi. Tutamtaja mzee mmoja, Otto Frank, wa Amsterdam, Uholanzi.

Katika Vita Vikuu vya Pili Wanazi wa Ujerumani waliua Wayahudi wapatao milioni 6. Otto, mkewe na binti zao wawili walijificha miaka miwili nyuma ya ofisi yake, wakakamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Baada ya askari kuondoka, wafanyakazi wake wawili, Miep Gies na Bep Voskuijl, walipanda juu wakakuta madaftari ya yule binti mdogo, Anne, yametapakaa sakafuni. Wakayaokota. Miep akayaweka katika droo ya meza yake bila kuyasoma. Baadaye alisema kwamba kama angeyasoma angeyachoma, kwa sababu majina ya waliowaficha yaliandikwa humo!

Kati ya wanne wale, Otto peke yake ndiye aliyerudi, mwaka 1945. Ilipojulikana kwamba binti zake wamekufa, Miep alimkabidhi karatasi zote. Kitabu kikachapishwa mwaka 1947.

Hapa ndipo tunataka mkae macho. Mwingine angesema, kitabu kimeshatoka, haya madaftari ya nini tena? Otto aliyaweka. Wakatokea watu kusema kwamba ni uongo, msichana hakuandika, na mzee akafika hata mahakamani. Alipofariki mwaka 1980 aliyaachia taasisi ya serikali ya Uholanzi inayotunza habari za vita. Wataalamu wakapima karatasi, wino, gundi na mwandiko, na mwaka 1986 wakatangaza kwamba ni mkono wa Anne kweli. Kitabu cha dukani hakina mwandiko wa kupimwa.

Vitu vya namna hii hupokelewa Yad Vashem, Yerusalemu, na katika jumba la makumbusho la Washington lililofunguliwa mwaka 1993. Kazi yenyewe si ya ajabu. Pini hutolewa maana huleta kutu. Karatasi iliyokunjwa hunyooshwa polepole. Selotepu haitumiki kabisa, huacha doa la kahawia lisilotoka. (Gundi ya ugali tusiitaje, mende watashukuru.) Kisha vitu hutiwa katika sanduku, mahali pakavu, pa baridi, pasipo jua.

Kwa picha, jambo gumu ni majina. Hata waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Kwa hiyo mtu huketi na mzee, picha moja moja, akamwuliza: huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani? Jibu huandikwa nyuma kwa penseli, taratibu, pembeni. Kalamu ya wino hupenya hadi usoni pa mtu.

Mwenye swali na aulize.