Bustani ya Uani Wakati wa Kaskazi
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama



Kamati ilitaka tuseme machache juu ya bustani za nyumbani, nasi tumelipokea jambo hilo kwa furaha, ijapokuwa twajua ya kuwa humu ukumbini wamo wazee waliolima tangu sisi hatujazaliwa. Hatukuja kuwafundisha. Tumekuja kueleza yale tuliyoyaona katika nyua za wanachama hapa Mombasa, na tena kwa sababu nyingine ambayo ni afadhali tuitaje mapema. Katika shughuli za leo limo ombi la kusakafia kwa saruji kile kiwanja kidogo kilicho nyuma ya jumba letu. Mtapiga kura juu yake kabla hatujaachana, na kabla ya kura twaomba mtusikilize.

Vitabu tulivyosomea shuleni vilisema juu ya kiangazi cha Ulaya, yaani Juni, Julai na Agosti. Kwetu pwani miezi hiyo ni ya kusi, nayo ina ubaridi na manyunyu. Kiangazi chetu ni kaskazi, tangu Disemba hadi Machi. Mwezi wa Februari mvua ya Mombasa kwa kadiri haifiki hata milimita 30, ilhali mwezi wa Mei hupita milimita 200. Basi mtu aliyepanda kwa furaha wakati wa vuli, ifikapo Januari huona kitalu chake kimelala chini, akasema bustani si kazi ya mjini. Wengi wetu huiacha hapo. Lakini katika nyua tulizozizuru tumekuta watu wavunao mboga mwezi wa Februari wenyewe, wala si matajiri wala hawana kisima.

Siri yao ya kwanza ni udongo. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mahali pengi udongo ni haba, wenye mchanga, usioshika maji. Ukimwaga ndoo asubuhi, adhuhuri hujui kama ulimwaga. Wenye akili hawapigani na mchanga kwa maji, waulisha kwanza. Maganda ya ndizi, majani ya mwembe, taka za jikoni na samadi ya mbuzi hufukiwa penye shimo moja pembeni mwa ua, vikafunikwa na kulowanishwa kidogo, hata vikawa vyeusi na kuacha kunuka. Mbolea hiyo ikichanganywa na mchanga huyashika maji. Na kitanda cha kaskazi hakiinuliwi kama tuta la masika. Huchimbwa chini kidogo mfano wa jaruba, ili kila tone libaki pale pale penye mizizi.

Siri ya pili ni maji, na hapa twaomba kukaa zaidi, maana ndipo penye ugomvi nyumbani. Maji ya mji huu hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, chemchemi za Marere kule Shimba Hills, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Hata hivyo sote twajua mifereji ikaukavyo, tukamngoja mwenye mkokoteni na mitungi yake ya lita 20. Sisi hatuna uso wa kumwambia mama anunuaye maji kwa mtungi ayamwage penye mchicha. Wala haimlazimu. Maji yaliyooshea mchele, maji yaliyooshea mboga, maji ya kusuzia nguo mara ya mwisho, haya yote yamekwisha kulipiwa, na katika nyumba nyingi yanamwagwa njiani yakafanya tope. Tumehesabu katika nyumba moja ya watu sita, tukaona yapata mtungi mzima kila siku. Mtungi mmoja watosha kitanda cha hatua mbili kwa mbili, ukimwagwa kwa kata penye shina wala si juu ya majani, alfajiri kabla ya jua kupanda au baada ya alasiri likishapoa.

Masharti yapo. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yasitumike kabisa. Maji ya sabuni nyingi yasirudiwe penye kitanda kimoja kila siku. Leo hapa, kesho pale. Na maji haya yasilazwe ndani ya ndoo hata kesho, kwa kuwa hunuka upesi.

Wenye visima vya maji ya chumvi nao wametuuliza. Jibu tulilolipata kwa wazee ni kuyaonja. Kama ulimi wayakataa, maharagwe nayo yatayakataa; lakini mnazi huyavumilia, na baadhi ya mboga za majani hustahimili kidogo, mradi mvua ije baadaye kuisafisha ardhi.

Kivuli ni nusu ya maji. Makuti mawili juu ya vijiti vinne, upande wa magharibi, huiokoa miche na jua la saa tisa ambalo ndilo kali. Makumbi ya nazi yaliyolowekwa usiku kucha na kupangwa kuzunguka shina la mpapai hushika unyevu siku kadhaa. Nyasi na majani makavu yaliyotandazwa juu ya kitanda yafanya kazi hiyo hiyo. Hapa pwani mali hii hutupwa, au hutiwa moto jioni ikatutoa machozi sote mtaani. Hatukusudii kumtaja mtu.

Sasa, nini kipandwe? Wanachama waliotoka bara hupenda sukumawiki, nasi hatuwalaumu, kwani ndicho chakula walichokulia. Lakini sukumawiki apenda baridi. Katika kaskazi hukunja majani kama mtu aliyekasirika, na wadudu humwandama. Mchicha ndio mmea wa jua. Hupandwa kwa kumwaga mbegu zilizochanganywa na mchanga mkavu, maana mbegu zake ni ndogo kama baruti. Baada ya wiki tatu au nne ile iliyosongamana hung'olewa ikaliwa, na iliyobaki huachwa ikue. Ukikata shina kiasi cha shibiri moja kutoka chini, litachipua tena, na tena. Bamia nayo hustahimili, ila yataka mtu wa kuizuru kila siku mbili, kwani ukichelewa siku nne huwa ngumu kama kamba. Pilipili, bilingani, matembele, kunde kwa ajili ya majani yake: yote haya tumeyaona yakiishi kwa maji ya kuoshea mchele. Mwacheni mchicha mmoja, ulio mzuri kuliko yote, utoe mbegu. Tumewaona watu wakila ule mzuri na kuuachia mbegu ule dhaifu, kisha mwaka wa pili wakilalamika.

Juu ya wadudu tutasema kidogo. Nzi wa maembe tunayemwona sasa ni mgeni aliyetoka Asia. Aligunduliwa nchini Kenya mwaka 2003, na hapo ndipo alipojulikana mara ya kwanza katika bara letu. Embe lililoanguka lisiachwe chini, kwa kuwa funza aliye ndani hutoka akaingia udongoni na kuwa nzi. Yakusanyeni kila asubuhi, myafukie kwa kina. Majivu na maji ya majani ya mwarobaini hufaa kwa wadudu wadogo wa mboga.

Jambo la mbu ni zito zaidi. Mwaka 2013, na tena mwaka 2017, homa ya dengi iliingia Mombasa, na mbu aiambukizaye huzaa katika maji masafi yaliyotuama ndani ya makopo, mapipa na vifuu. Mwenye bustani aweza kuwa rafiki mkubwa wa mbu huyu bila kujua. Kila wiki, siku moja iliyowekwa, kila chombo kimwagwe na kusuguliwa, na pipa la akiba lifunikwe. Asiyekuwa tayari kufanya hivyo afadhali asiweke makopo.

Wazee wetu, hizo ni kazi. Lakini kama bustani ingekuwa kazi tu, tungewaambia mkanunue mchicha sokoni. Sisi makarani hukaa katika viti toka saa mbili asubuhi hata saa kumi na moja, macho yetu penye karatasi, na turudipo hatuna hata neno la kusema na watoto. Kisha mtu huvua viatu akaingia uani. Saa hiyo mchanga umeanza kupoa. Ndimu moja huchumwa kwa ajili ya samaki, si kwa sababu ndimu ni ghali, ila kwa sababu ni yake. Chozi mmoja mdogo huning'inia penye ua la mgomba, na shore hugombea papai ambalo ulidhani ni wewe tu ujuaye kwamba limeiva. Magharibi ikiingia, vikonyo vya asumini vilivyochumwa jioni hufunguka ndani ya sahani, na nyumba nzima hunukia. Mama zetu huviunga pamoja na mrihani wakafanya vikuba. Twadiriki kusema kwamba wapo wanachama ambao nyumba zao zina redio na televisheni kubwa, nao hawana starehe hiyo.

Katika ziara zetu tulimkuta mwanachama mmoja mzee, mstaafu wa miaka mingi. Hatutamtaja kwa jina, kwa kuwa yumo humu ndani na si mtu wa makuu. Nyumba yake ni ya Kiswahili ya zamani, yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Ua ule ulikuwa na mpapai, vitanda viwili vya mchicha na mkomamanga uliopandwa na marehemu mkewe. Miaka miwili iliyopita wanawe walijenga uani vyumba vinne vya kupangisha. Hatuwalaumu, kodi ya vyumba hivyo ndiyo ilipayo karo za wajukuu, na mzee mwenyewe alitia sahihi. Lakini alituambia kwamba tangu siku ile haamki tena alfajiri, kwa maana hana jambo linalomngoja. Watoto nao, waliokuwa wakimfuata na kata zao na kumwuliza maswali, sasa hupita mlangoni wakamwamkia, "Shikamoo babu," wakaenda zao. Mbele ya kiti chake ana makopo saba. Manne yana mchicha, mawili pilipili, na moja lina kijiti cha mkomamanga ule, alichokikata kabla mafundi hawajaung'oa. Kimetoa majani.

Twarudi sasa kwenye kiwanja chetu. Tumekipima: ni hatua 20 kwa hatua 12. Walioleta ombi la saruji wana hoja, nasi hatutaki kuidharau. Wakati wa masika pana tope, na viti vya arusi na vya matanga huzama. Fagio haliwezi kusafisha mchanga. Ni kweli yote. Ila saruji mwezi wa Februari haikanyagiki kwa miguu mitupu, na joto lake hurudi ukutani hata usiku. Na mvua ya Mei ikinyesha juu ya hatua 240 za saruji haitakuwa na mahali pa kuingia. Itakwenda kwa jirani zetu wa upande wa chini, ambao tayari wana malalamiko.

Kwa hiyo twaleta shauri la kati. Upande ulio karibu na mlango, hatua 12 kwa 12, usakafiwe, kwa ajili ya viti. Zile hatua nane zilizobaki, penye mwarobaini na karibu na mfereji wa kunawia, ziachwe ardhi. Maji ya kunawa yaelekezwe huko kwa mtaro mdogo, ambao fundi aweza kuutengeneza pamoja na sakafu. Kazi ya kila siku tusiwape vijana peke yao, kwa kuwa sisi vijana husahau. Tumeongea na wazee watano waliostaafu, nao wamekubali kushika zamu, na watoto wa shule wamfuate kila mmoja wao kwa zamu yake siku za likizo. Gharama ya upande huu ni majembe mawili, reki moja na ndoo nne, nayo tumeiandika katika ukurasa wa hesabu. Mboga zitakazopatikana zitakwenda kwanza kwa wanachama walio wagonjwa, kama mfuko wetu wa maafa ufanyavyo kwa fedha.

Mwenyekiti atawauliza mwinue mikono, kwanza juu ya ombi lilivyoandikwa, kisha juu ya shauri hili. Kura ikienda hivi au vile, mbegu za mchicha tulizozikusanya zimo katika bahasha mezani kwa Katibu, pamoja na miche kumi ya mpapai iliyooteshwa ndani ya vifuu. Atakaye na achukue baada ya kikao, na jina lake tutaliandika, ili tupate kumzuru masika yatakapokwisha.