Nyimbo Tuandikapo Hadithi

Tumeombwa tuzungumze juu ya kazi ya kutunga hadithi ndefu, nasi tumechagua sehemu yake moja ambayo vitabu vya mafundisho haviitaji: nyimbo azisikiazo mtungaji, au azivumazo moyoni, wakati kalamu imo mkononi mwake.

Hadithi yetu ni ya kijana wa Bonde, nyuma ya Tanga, aliyepelekwa shule mbali na kwao, akarudi akamkuta mama yake amekwisha zikwa. Kufundisha waalimu hutushughulisha mchana kutwa, basi huandika usiku, watoto wamelala. Kimya cha usiku ni kizuri kwa kusahihisha madaftari. Kwa kutunga kilitushinda.

Kwanza tulivuma tenzi za kanisani, maana ndizo tulizolelewa nazo, na sura za shule tukaziandika kwa sauti hiyo. Tulipozisoma asubuhi tukaona zachechemea. Sababu yake tuliigundua polepole. Nyingi katika tenzi hizo ni maneno ya Kiswahili yaliyotiwa katika sauti za Ulaya. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti ngeni haina habari hiyo, nayo huweza kuukokota mkazo mpaka ncha ya neno. Hatuzitukani tenzi, tungali twaziimba na kuzipenda. Lakini sentensi zetu zilikuwa zimevaa viatu vya mtu mwingine.

Tukaitoa sandukuni santuri ya marehemu baba, ile ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na sahani za Siti binti Saad. Mwanamke huyu, mzaliwa wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, alikuwa muuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, na mwaka 1928 alivuka bahari pamoja na wenziwe mpaka Bombay ili sauti yake itiwe katika santuri. Alifariki mwaka 1950. Sahani za namna ile huzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja hukoma baada ya dakika kama tatu. Hapo mtungaji hana budi kuinuka, kugeuza sahani, kutazama sindano kama imechakaa, na kuzungusha mpini tena. Mwanzo tuliona ni adhabu. Baadaye tukatambua ya kuwa aya zetu zimekuwa fupi, na kila moja ina neno la kusema kabla ya kuinuka.

Tulifunzwa na jambo jingine. Katika wimbo wake juu ya Kijiti, aliyemwua mwanamke mgeni kisha akatoroka, Siti husimulia zaidi ya kulia. Hueleza jambo baada ya jambo, kama shahidi mbele ya kadhi, na uchungu humjia msikilizaji mwenyewe. Usiku ule tulifuta machozi katika sura tatu.

Lakini santuri nayo ilitutia makosani. Mwenzetu wa nyumbani alisoma kurasa kumi, akauliza, “Mwalimu, hii ni hadithi ama shairi?” Kumbe mizani kumi na sita, nane kwa nane, ilikuwa imejipenyeza katika maneno ya watu waliokuwa wakinunua samaki! Tuliirekebisha kwa aibu.

Ikabaki sura ya mama, nayo haikukubali tenzi wala santuri. Iliutaka wimbo ambao mama yetu mzazi aliuimba kwa Kibondei akitwanga mahindi, wimbo usiotiwa katika sahani yoyote. Tuliukumbuka wote ila mstari wa mwisho. Kila tukiufikia twakuta pengo, nasi tukalijaza pengo kwa mstari wa kubuni, na sura nzima ikatoa harufu ya uwongo. Muda wa miezi minne hatukuandika neno.

Likizo ilipofika tulikwenda kwa dada yetu mkubwa, ambaye alitwanga pamoja na mama miaka mingi. Tulimwimbia. Akatikisa kichwa. “Mdogo wangu, mama hakuimba hivyo. Hayo ya mwisho umeyatoa wapi?” Tukamwomba atuambie maneno ya kweli. Akafikiri, akaanza, akakwama palepale tulipokwama sisi. Twakiri kwamba tuliogopa, kwa maana hakuna mwingine aliye hai wa kuulizwa.

Kisha dada akasimama, akamimina mahindi kinuni, akashika mchi, akaimba huku akitwanga. Alipofika mwisho hakuongeza neno. Mchi ulianguka, dh!, naye akavuta pumzi, akaanza tena mwanzo. Akarudia mara nne au tano kabla hajatutazama.

“Hapana maneno,” alisema. “Hapo ni mchi.”

Tulikuwa tumechukua madaftari mfukoni. Tuliketi juu ya kigoda mlangoni pa jiko tukaufuta ule mstari wa kubuni, na pamoja nao aya iliyokuwa ikieleza jinsi kijana alivyohuzunika kaburini. Hatukuweka kitu mahali pake. Dada akauliza kama tumekwisha, tukasema bado. Akasema tumsomee hivyo hivyo, yeye ataendelea kutwanga, kwa kuwa watu wa nyumbani walikuwa wakingoja unga.