Wasia juu ya Akina Mama Wajawazito



Tumefundishwa kuwa mwanamke afaye kwa uzazi ana daraja ya shahidi. Neno hilo ni la kumliwaza mfiwa, wala si udhuru wa mume aliyechelewa. Nimepata kusalisha jeneza huku mlimani Wanale, watu wakisema ni amri ya Mungu. Kumbe marehemu alitokwa na damu tangu alfajiri, akingojewa mumewe aliyekwenda Jinja kwa biashara atoe ruhusa. Damu ya uzazi haingoji msafiri.

Uchunguzi wa afya wa Uganda wa mwaka 2016 ulihesabu akina mama 336 waliofariki kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2022, 189. Basi mauti haya hupungua watu wakijitahidi.

Enyi waume, mimba ifikapo mwezi wa saba toeni ruhusa mbele ya wakwe, na nauli mkabidhini mama mwenyewe. Mvua ikinyesha njia ya kuteremkia Mbale huteleza, na machela hutaka wanaume wanne wenye nguvu. Nanyi vijana, banki ya damu ipo hapo Mbale. Orodha ya watakaokwenda kutoa itaandikwa baada ya sala ya Ijumaa. Jina langu litangulie.