Mama Yumo Gari Gani?

Sikukuu ya Familia Takatifu, Mwaka C. Injili: Lk 2:41–52



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo ni habari ya familia iliyokwenda kuhiji katika mji mkubwa, ikatimiza yote yaliyoipeleka huko, ikafunga mizigo na kushika njia ya kurudi bila kujua kwamba mmoja wao hayumo. Walitembea siku nzima. Mwinjili Luka anatupa na sababu: walidhani mtoto yumo katika msafara. Nilipokuwa mseminari nilikuwa nikilishangaa neno hilo. Iweje Yosefu na Maria, watu watakatifu namna ile, wasimkumbuke mtoto wa miaka kumi na miwili mpaka jioni? Tangu mwaka 2023 sishangai tena.

Mwezi wa Julai mwaka huo mdogo wangu aliamua kuwapeleka watu wa nyumbani kwake Kampala, kuhiji na kuuona mji. Tulikuwa wanane: yeye na mkewe, watoto wao wanne, mama mkwe wake, na mimi. Mama huyo ni mzaliwa wa Bukumbi, mjane, Mkristo wa siku nyingi. Siku ya kutembea mjini ilikuwa moja tu, na ratiba niliitunga mimi mwenyewe. Niliiandika kwa saa na dakika, kama ratiba ya mtihani. Asubuhi Rubaga, kisha Kasubi, kisha Namugongo, alasiri sokoni, jioni Kigungu karibu na Entebbe. Tulikodi magari mawili madogo. Mtu yeyote anayezijua foleni za Kampala, na zile pikipiki zinazopenya kila upande, angeicheka karatasi ile.

Rubaga tulikaa dakika ishirini. Ni kanisa kuu lililotabarukiwa mwaka 1925, na ndani yake limo kaburi la Askofu Mkuu Yosefu Kiwanuka, ambaye Papa Pio wa Kumi na Mbili alimweka wakfu mwaka 1939, Mwafrika mweusi wa kwanza kupata uaskofu katika nyakati zetu hizi. Mama alipiga magoti. Alipokuwa bado katika fumbo la pili la rozari, mdogo wangu alimgusa begani.

Kasubi ni makaburi ya wafalme wa Buganda. Ile nyumba kuu ya nyasi iliyoungua mwaka 2010 tuliiangalia kwa nje tu. Wafalme wanne wamelazwa pale, na mmoja wao ni Mwanga, yule aliyeamuru vijana wa baraza lake wachomwe moto. Mama aliposikia jina hilo aliwageukia wajukuu akawaambia, "Huyu amewahi kulala kwetu." Watoto wakacheka.

Lakini hakukosea, wapendwa. Mwaka 1888, miaka miwili tu baada ya mauaji ya Namugongo, Mwanga alipinduliwa, akavuka ziwa akikimbia, akafika Magu, na kutoka huko akakimbilia kwa Mapadre Weupe katika misheni ya Bukumbi, iliyoanzishwa mwaka 1883. Waliompokea walikuwa ndugu wa Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera. Ndiye aliyepanda mtumbwi na Bruda Amans pale Kageye, kwenye ufuko wetu upande wa Kayenze, wakashuka Kigungu tarehe 17 Februari 1879. Watoto wao wa imani ndio waliochomwa.

Mama aliniuliza, "Padre, hao waliompokea walijua alichofanya?"

"Walijua, Mama."

"Na chakula wakampa?"

"Wakampa."

Akanyamaza. Nilitaka kumuuliza anawaza nini. Badala yake nikatazama saa.

Namugongo tulifika mchana. Wengi wenu mmekwisha kuiona Basilika ile, iliyojengwa kwa umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, ikiwa na nguzo ishirini na mbili kwa hesabu ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Altare ipo mahali alipochomwa Karoli Lwanga, tarehe 3 Juni 1886. Tulisali Baba Yetu, tukapiga picha nyingi sana, tukarudi kwenye magari. Sisi wa gari la kwanza tulidhani Mama amepanda na wajukuu, kwa kuwa anampenda kitinda mimba. Wajukuu walidhani yuko nasi wakubwa.

Tuligundua tuliposhuka sokoni Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni la Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyeuawa Novemba 1885, wa kwanza kati ya wale Wakatoliki. "Mama yumo gari gani?" aliuliza shemeji yangu. Hakuna aliyejibu. Mama hakuwa na simu, hakujua Kiganda, na dawa zake za presha zilikuwa katika mkoba wa binti yake. Mume akamlaumu mke, mke akamlaumu mume, kisha wote wawili wakanitazama mimi na karatasi yangu. Kurudi Namugongo si mbali, haizidi kilomita ishirini, lakini kwa foleni ya jioni ilituchukua saa mbili. Katika saa hizo mbili niliwaelewa Yosefu na Maria kuliko miaka yote niliyosoma Maandiko.

Tulimkuta ameketi kando ya lile bwawa, viatu amevivua, rozari mkononi, ametulia. Binti yake alilia na kufoka kwa pamoja: "Mama, mbona umetufanyia hivi? Tumekutafuta kwa hofu!"

Mama alishangaa kweli. "Mmenitafuta wapi? Mimi nipo mliponileta."

Nadhani mmesikia Injili hapo.

Kisha akasema lililomleta. Anaye mjukuu, mtoto wa binti yake aliyefariki, kijana aliyemlea yeye mwenyewe tangu akiwa mchanga. Mwaka 2021 kijana huyo aliuza ng'ombe wawili wa bibi yake kwa siri, akakimbilia Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Familia ilikaa kikao ikaamua jina lake lisitajwe tena nyumbani. Nami nilikuwapo kikaoni, sikupinga. Njiani kutoka Mwanza Mama alikuwa ametuambia mara mbili kwamba anakwenda Namugongo kwa ajili ya "yule wa Geita". Mara ya kwanza tulikuwa tukihesabu shilingi za Uganda. Mara ya pili nilimjibu, "Vema, Mama," nikaendelea kuandika ratiba.

"Ninyi mlikuja kuona," alituambia. "Mimi nilikuja kuuliza. Mwanga alipokelewa Bukumbi kwa watu aliowachomea watoto. Wangu ameuza ng'ombe wawili. Nimewauliza mashahidi, Bukumbi yake yeye iko wapi?"

Wapendwa, nimehubiri juu ya msamaha kwa miaka zaidi ya ishirini. Sikuwa na jibu. Kigungu hatukwenda.

Luka anasema kwamba walipomkosa, walirudi kumtafuta. Hawakumtuma mtu, hawakungoja arudi mwenyewe atakapopata akili. Waligeuka, wakaulizia kwa jamaa na marafiki. Siku mbili baadaye tulikuwa njiani kwenda nyumbani, na barabara ile hupita Geita kabla ya kufika Busisi, ambako wakati huo tulikuwa bado tukivuka kwa pantoni, daraja likiwa halijafunguliwa hadi mwaka 2025. Mdogo wangu, aliyekuwa mwenyekiti wa kile kikao, ndiye aliyemwambia dereva asimame.

Tulilala Geita. Tuliulizia machimbo mawili, na katika la tatu tulimpata, amekonda, mikono imepasuka. Alipotuona alitaka kukimbia, nadhani kwa sababu ya kola yangu na sura ya mjomba wake. Mama ndiye aliyemwita, kwa jina ambalo halikuwa limetamkwa katika familia ile kwa miaka miwili.

Hakurudi nasi siku ile. Alisema ana deni. Juu ya ng'ombe hakuna aliyesema neno. Tuliingia katika kibanda cha mama ntilie, bibi yake akaagiza ugali na sangara, akachukua birika la maji, akamnawisha mikono mwenyewe. Mimi niliombwa nibariki chakula, na sauti ilinikatika.